Mtu wa Mgongo

1

Kopo la kwanza linakwenda kichwani. Watu wa Bonde la Kivuli hawalimwagi kwa nguvu. Wanaliinamisha kidogo na kungoja. Maji ya Mwezini hayana haraka. Yakitoka kwenye kopo huteremka kama asali, yakifika mwilini hung'ang'ania, na mtu asipoyasukuma kwa kiganja yatakaa begani kwake, unene wa kidole, mpaka achoke kuyatazama. Kwa hiyo mwogaji ana kazi mbili, kujimwagia maji na kuyafukuza. Huanza kichwani, akaja shingoni, kwapani na kifuani. Mwisho ni miguuni, na huko hukawia kuliko popote, akisugua magaga kwa kipande cha jiwe jeusi na kuimba.

Niliandika hayo wiki ya kwanza, nimekaa kwenye kigoda nje ya pazia la bafu la wanawake, Handaki la Pili, kwa idhini ya waliokuwa ndani. Niliandika pia habari ya kijiti. Asubuhi, kabla ya neno lolote, kila mtu mzima hutafuna kijiti cha mswaki mpaka ncha iwe nyuzinyuzi, kisha hujisugua meno akitembea. Akikutana na mwenzake huinua nyusi, naye huinuliwa nyusi, na mazungumzo ya kweli huanza vijiti vikishatupwa. Niliandika kwamba ngozi ikisuguliwa hutoa vijiuzi vya kijivu viitwavyo nongo, na kwamba wenye nongo nyingi huitana wakaonyeshana.

"Mgeni, andika na hii," sauti moja iliniambia kutoka nyuma ya pazia. "Ya Mama Kalunde imetoka kama tambi."

"Urefu gani?" niliuliza.

Walicheka mpaka mtu mmoja akaangusha kopo, likashuka taratibu na kulia sakafuni kama kengele.

Mimi sikuwa nimewahi kuoga. Kwetu kwenye Majukwaa, yale makazi yanayoizunguka Dunia, mtoto akitimiza siku tano hupakwa utando. Ni tabaka la vijidudu vilivyofugwa maabara, jembamba kuliko karatasi, ambavyo hula jasho, mafuta na ngozi iliyokufa. Utando hukua na mtu na huongezewa nguvu mara moja kwa mwaka. Hatuna sabuni wala taulo, na nywele hazioti. Tukishikana mikono tunahisi uzito na joto, basi. Neno "nongo" nilijifunza kwa masikio, kama nilivyojifunza Kiswahili chote, peke yangu, kutoka kwenye kanda za zamani za redio, miaka sita.

Baraza la Majukwaa lilinituma kwa swali moja. Barafu ya Bonde la Kivuli inatakiwa kwa mafuta ya vyombo. Wakazi wake mia nne na kumi na wawili huoga lita tisa kila mtu, kila siku ya tatu. Je, kuoga huko ni hitaji au ni mazoea? Likiwa hitaji, lita tisa zinabaki. Yakiwa mazoea, maji ya kuoga yanafungwa, na kila mkazi anapakwa utando. Nilipewa wiki kumi na tano, daftari, kinasa sauti, na sheria ya kazi yetu: mtazamaji hagusi wala haguswi, isipokuwa kwa tiba, wala hafungamani na anaowatazama. Akifungamana, ripoti inabatilika. Ripoti ikibatilika, Baraza linaamua kana kwamba hakuna hitaji.

Nilijitahidi kutohukumu mapema. Siku moja nilimwona msichana ana misuko mipya inayokwenda kisogoni, nikamuuliza inaitwaje. Akasema, "Twende kilioni." Nikampa pole, nikauliza aliyefariki ni nani. Kwa siku tatu watoto wa Handaki la Pili walikuwa wakiniona wanaanguka chini na kujifanya maiti.

2

Wiki ya tatu mgongo ulianza kuniwasha.

Kalunde ndiye aliyeona. Alikuwa fundi wa pampu, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, mfupi, mabega kama ya mbeba mizigo. Alitoka bafuni amejifunga kanga, akasimama mbele ya kigoda changu.

"We Mgeni! Unajikuna kama umepitiwa na upupu. Geuka nione."

"Mama, sheria hainiruhusu kuguswa."

"Sheria ndiyo inayokuwasha? Geuka."

Nilifungua vazi, nikageuka.

"Mama wee. Vumbi limekuingia. Hiyo nailoni yenu imechanika hapa, na hapa, na huku chini imekunjamana kama ganda la kitunguu."

Vumbi la Mwezini halijawahi kupigwa na upepo wala kusukumwa na mto. Kila chembe ina kingo kali kama kioo kilichovunjika leo. Linaingia na mavazi ya nje, linapita kwenye vichujio, linatulia mahali ambapo mkanda wa mtungi wa hewa husugua, yaani katikati ya mgongo, ambapo mkono wa mwenyewe haufiki. Utando ulibuniwa kwenye Majukwaa, na Majukwaani hakuna vumbi.

Sheria ilisema tiba inaruhusiwa. Nilijiambia hii ni tiba, nikamfuata nyuma ya pazia.

Alilowesha dodoki, akalipaka sabuni ya magadi, akaanza juu, karibu na shingo. Sijui niandikeje. Pale utando ulipochanika, kwa mara ya kwanza maishani mwangu kitu kilinigusa mimi. Sikuwa najua kwamba mgongo wangu una mwanzo na mwisho. Alisugua, akamwaga, akafukuza maji kwa ukingo wa kiganja, akachomoa chembe moja moja kwa kucha, na kila chembe akaitolea maneno. "Toka hapa. Na wewe, nani kakualika?" Machozi yalinitoka. Kwenye daftari niliyaandika kama athari ya sabuni.

Alipomaliza alinipiga begani kwa kiganja, mara mbili.

"Haya. Mgongo wako nimeuona."

"Asante, Mama."

Wanawake waliokuwa wakioga upande wa pili walinyamaza. Kisha mmoja akasema, "Kalunde, una hakika?"

"Nina hakika kuliko ulivyokuwa na yule mume wako wa kwanza."

Vicheko vikarudi. Niliandika: tiba, dakika kumi na mbili.

Siku ya kuoga iliyofuata nilikuta dodoki kavu limetundikwa kwenye kitasa cha mlango wangu. Nililipima, nikalichora, nikalirudisha mahali pake. Niliandika: pambo, au salamu. Jioni halikuwepo. Baada ya siku tatu lilikuwepo tena.

3

Wiki ya kumi na nne, asubuhi, mlango wangu uligongwa kwa ngumi. Alikuwa Siwema, binti ya Kalunde, mtunza bustani za ndani, mwanamke wa miaka thelathini hivi ambaye hadi siku ile alikuwa amenisalimia kwa nyusi tu. Mkononi alishika dodoki.

"Hili umeliona mara ngapi mlangoni kwako?"

"Mara ishirini na tano," nilijibu mara moja.

Alilishusha dodoki.

"Umehesabu."

"Ndiyo."

"Ukahesabu tu."

Sikuelewa, na nadhani uso wangu ulionyesha hivyo, kwa sababu hasira yake ilibadilika ikawa kitu kizito zaidi. Aliketi kitandani kwangu bila kukaribishwa.

"Mama yuko zahanati. Ana donda mgongoni, ukubwa wa kisahani. Daktari anasema sumu imeshaingia kwenye damu, na dawa aliyo nayo haiifikii." Aliligeuza dodoki. "Mtu akikuona mgongo, na wewe unauona wake. Mnakuwa watu wa mgongo. Siku ya kuoga mmoja analitundika hili mlangoni kwa mwenzake. Mwenzake analichukua, wanakwenda. Mama alikuona wewe. Halafu akatundika, akangoja."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Haisemwi! Ukitamka kwa mdomo umemlazimisha mtu, na mgongo wa kulazimishwa husuguliwa juujuu. Unatundika, unangoja, basi. Hata mtoto wa miaka saba anajua."

"Na wewe? Wewe ni binti yake."

"Damu hairuhusiwi. Mtoto akiona donda atasema ni kipele, mama asiogope. Mama akiona la mtoto atasema vilevile. Waliotangulia hapa walizikana hivyohivyo, mpaka wakaweka mwiko." Alisimama. "Anakuita. Njoo na daftari."

Kalunde alikuwa amelala kifudifudi, mgongo umefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu. Harufu ilinifikia kabla ya mlango. Kwetu harufu ni neno la kwenye vitabu. Nilisimama kidogo nikajizuia, kisha nikaingia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umechelewa." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

"Ulijua kwamba sijui?"

"Wiki ya kwanza nilijua. Ya pili nikasema anajifunza. Ya tano nikasema huyu ni mzito jamani. Baada ya hapo nikaona haya, unajua tena. Mtu mzima nazunguka na dodoki kama mchumba."

"Ungemwendea daktari."

"Ningemwendea. Siku zote nilikuwa nakwenda kesho."

"Kwa nini mimi, Mama? Watu mia nne wako hapa."

Alivuta pumzi. Siwema alimpa maji kwa kijiko.

"Nyamizi alikuwa mtu wangu wa mgongo miaka kumi na tisa. Alipokufa nikawatundikia wengine, wanawake wanane, wote waliobaki bila mtu wa mgongo. Hakuna aliyelichukua. Mimi ndiye ninayesoma mita za pampu. Mwaka ule mtambo mkubwa ulipoharibika, tukawa tunaoga lita mbili, kuna watu walitoboa bomba. Niliwataja mkutanoni, kwa majina. Waume zao, kaka zao, wengine wao wenyewe. Walioiba walisamehewa mwezi uleule. Mimi bado." Alifumba macho. "Miaka miwili. Nilikuwa najisugua kwa kamba niliyoifunga kwenye bomba, kama ng'ombe. Haifiki katikati."

"Pole, Mama."

"Halafu ukaja wewe, unaandika hata rangi za nongo za watu. Nikasema, huyu atausoma mgongo wangu bila kupunguza."

Ndipo nilipojua habari ya kusoma mgongo. Mkazi akifa, mtu wake wa mgongo humwosha, peke yake, kwa mikono mitupu. Kisha hutoka, husimama mlangoni mbele ya wote, na kusoma: alama hii ilitokana na hili, na hii na lile. Hapunguzi wala haongezi. Ndugu wa karibu hujibu wa kwanza, "Tumesikia," na wengine hufuata. Sala za dini ya marehemu huja baadaye. Shehe na mchungaji wa Bonde walikwisha kukubaliana kuhusu hilo kabla sijazaliwa.

"Mama, nikifanya hivyo nimefungamana. Ripoti yangu itatupwa, na maji yenu yatafungwa."

"Najua. Mwenyekiti wa Bonde kaja jana, kanieleza kama anamsomea mtoto." Alifungua jicho moja. "Sikuombi. Nimekuita uandike tu. Kuamua utaamua mwenyewe, na usiamue upesi, maana wewe si mtu wa upesi. Siwema, nifunue."

Niliandika alama nane kwa kauli yake. Nyingine zilimchekesha. Alipofika katikati, alinyamaza.

"Na hili?" niliuliza.

"Hilo utaandika mwenyewe," alisema.

4

Alifariki kesho yake, saa sita mchana, zamu zikibadilishana.

Mwenyekiti Malogo alinikuta mezani. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyezoea kuinama milangoni. Siwema alikuwa amekaa kwenye kigoda changu, hajalia bado.

"Mwandishi," alianza, "chombo chako kinaondoka baada ya siku nne. Ripoti umeikamilisha?"

"Karibu."

"Inasemaje, kama naruhusiwa kuuliza?"

"Inasema hitaji."

Alishusha pumzi. "Basi itume hivyohivyo. Bi Kalunde tutamwosha sisi."

"Nani?" niliuliza. Nilitaka kujua tu.

Alitazama sakafu. "Tutapata mtu."

"Jina, Mwenyekiti," Siwema akasema. "Taja jina. Mama alitundika kwa wanane, na mkeo alikuwa wa tatu. Ataingia yeye leo? Atasoma nini pale mlangoni?"

"Siwema, mama yako amekufa, na sisi mia nne tuko hai!" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, akaishusha. "Mke wangu hapati usingizi, Mwandishi. Vumbi limo ndani ya ngozi yake tangu migodini. Anaoga leo, usiku huu atalala. Kesho na kesho kutwa anakaa kitandani ananitazama. Hiyo ndiyo maana ya lita tisa kwangu. Unataka niziuze kwa ajili ya mazishi?"

"Hapana," nilisema.

"Basi niahidi."

"Nipe mpaka zamu ya jioni."

Walipotoka niliweka daftari wazi. Nimejifunza kazi hii bila mwalimu, na njia yangu ni moja tu, ya polepole. Naandika ninachokijua, halafu naandika nimekijuaje, halafu natazama kama cha pili kinakibeba cha kwanza.

Ripoti yangu ilikuwa ya kweli kila mstari. Ilikuwa na michoro, dakika, lita, nyimbo, kijiti, jiwe, mafuta ya ufuta yanayopakwa baada ya maji. Niliisoma upya kama mjumbe wa Baraza ambaye hajawahi kulowa. Nilichoona ni watu wanaopenda maji. Hakuna ukurasa uliosema nini humpata mtu asiyeoga, wala utando unafanya nini mahali penye vumbi. Wataalamu wa Baraza walikuwa wameandika kwamba utando unafaa Mwezini. Wao waliupima ndani ya chupa.

Ushahidi wenyewe ulikuwa migongo miwili. Mmoja ulikuwa wangu, uliochanika wiki ya tatu, ukapona kwa mkono wa mtu. Mwingine ulikuwa wa Kalunde. Na wa kwanza nilikuwa nimeufunika kwa neno moja, tiba.

Ripoti safi, isiyo na migongo hiyo, ingepokelewa, na nikaanza kuona kwamba ingeshindwa kwa adabu. Ripoti yenye migongo hiyo ingebatilika. Lakini hata ripoti iliyobatilika lazima kuna mtu wa kuisoma kabla ya kuipiga muhuri. Na mtu aliyebatilishwa anaweza kwenda kusimama mbele ya Baraza, akavua vazi, akageuka. Sikuwa na uhakika kwamba hilo lingetosha. Sina mpaka leo ninapoandika.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuhitaji hesabu. Maiti ya mwanamke aliyeniosha ilikuwa imelala chumba cha tatu kutoka kwangu, ikingoja, na mtu wa kumwosha nilikuwa mimi.

Nilimwita Malogo.

"Nitamwosha," nilisema. "Na nitasoma. Na Baraza nitalipelekea kila kitu."

Alinisogelea. Nilidhani atanipiga.

"Unajua kwamba umetuua."

"Inawezekana. Nikikaa kimya nadhani pia mnakufa, ila mimi nitakuwa mbali sitaona. Sijui lipi lina uhakika zaidi. Ninachojua ni kwamba la kwanza ni kweli yote, na la pili ni nusu."

"Kweli!" alisema. "Kalunde naye alikuwa hivyohivyo." Akatoka, akainama mlangoni.

5

Mikono ya mwoshaji lazima iwe mitupu. Nililoweka yangu kwenye beseni la magadi ya moto kwa saa nzima, kisha Siwema akanisaidia kuuchuna utando kwa upande butu wa kisu, kuanzia vifundoni. Ulitoka kama ngozi ya maziwa. Hautaota tena pale. Daktari wetu alinieleza hilo nikiwa mtoto, kama onyo. Vidole vilibaki vyekundu, na hewa yenyewe iliviuma.

"Unatetemeka," Siwema alisema.

"Ni baridi."

"Andika athari ya sabuni," akasema. Sijui alilisoma lini daftari langu.

Nilipewa lita tisa, zile za siku ya kuoga ya marehemu ambayo haikufika. Niliingia peke yangu, nikafunga pazia. Nilianza na kichwa. Nilifumua misuko yake, nikaichana kwa chanuo, nikaosha mvi zake mpaka maji yakawa meupe. Nilisafisha masikio, makwapa, kucha zenye grisi ya pampu isiyotoka. Nilisugua visigino kwa jiwe, taratibu, bila kuimba, kwa kuwa sikujua wimbo gani. Kisha nikamgeuza.

Niliosha mgongo wake kwa dodoki lile lililokuja mlangoni kwangu mara ishirini na tano. Niliosha makovu manane, moja moja. Donda nililiosha kwa kiganja. Nilichomoa chembe kwa kucha, maana ndivyo nilivyofanyiwa, na kila chembe niliiweka kwenye kisosi. Zilikuwa mia moja na sita. Nilizihesabu, na safari hii mikono yangu iliendelea na kazi. Ngozi ya marehemu ilikuwa ya baridi na laini kuliko nilivyotarajia. Niliisikia yote. Mwisho nilimpaka mafuta, nikampiga begani kwa kiganja, mara mbili.

"Haya, Mama," nilisema. "Mgongo wako nimeuona."

Ushoroba wa Handaki la Pili ulikuwa umejaa mpaka kwenye kona. Sikuwategemea wengi hivyo. Malogo alisimama mbele na mke wake. Siwema alikuwa ukutani, peke yake. Niliwasha kinasa sauti na kukielekeza kwenye mtambo unaopeleka moja kwa moja Majukwaani. Taa yake nyekundu ikawaka, na kila mtu aliiona.

"Alama ya kwanza," nilisoma, "bega la kulia, urefu wa kidole. Aliangukiwa na mtungi akiwa na miaka ishirini na mbili, akimtazama kijana aliyekuwa akipita. Anasema kijana hakustahili."

Mtu akacheka, akajizuia.

"Alama ya pili, chini ya bega hilohilo. Bomba la mvuke, Handaki la Kwanza. Alilishika kwa mgongo mpaka watoto kumi na mmoja wakatoka."

Nikaendelea. Ya tatu, ya nne. Ya tano ilikuwa kucha za Siwema akiwa mchanga. Ya nane ilikuwa alama ya kamba aliyojisugulia, mstari mweusi kutoka upande hadi upande. Nilisema ilikuwa kamba ya nini, na kwa miaka mingapi, na kwamba kabla ya kamba dodoki lilitundikwa kwenye milango minane. Majina sikuwa nayo, hakunipa. Mke wa Malogo aliinamisha kichwa.

"Hapo panatosha, Mgeni," Malogo alisema kwa upole. "Umefanya. Panatosha."

"Bado moja," nilisema.

Daftari lilikuwa wazi kwenye ukurasa huo, lakini sikuhitaji kulitazama.

"Alama ya tisa ni donda, katikati ya mgongo, upana wa kiganja changu na nusu. Lina chembe mia moja na sita za vumbi. Lilianza miaka miwili iliyopita, kwa kukosa mkono wa mtu. Ndilo lililomuua. Wiki ya tatu ya ukaaji wangu, vumbi hilohilo liliuchana utando wangu mgongoni, mahali palepale. Kalunde aliniosha, nikapona. Kwenye kumbukumbu za Baraza nimeandika kuwa ilikuwa tiba. Sikuandika kwamba utando ulishindwa, na nilijua. Tangu siku ile alitundika dodoki mlangoni kwangu mara ishirini na tano. Nililipima, nikalichora, nikaliacha. Donda hili lina miaka miwili. Wiki kumi na moja za mwisho ni zangu. Aliyemwosha na anayesoma ni Teneli, mtazamaji wa Baraza, mtu wake wa mgongo."

Hakuna aliyesogea. Nililifunga daftari nikangoja, kwa kuwa wa kwanza kujibu lazima awe ndugu, na mimi sikuwa na haki ya kujibiwa. Pampu aliyoitunza Kalunde ilikuwa ikinguruma chini ya sakafu. Siwema alikuwa akiutazama ukuta wa mbele yake. Alikaa hivyo mpaka nikaanza kufikiri kwamba hatajibu, na kwamba hilo nalo nitaliandika.

Kisha akageuka. Macho yake yalikuwa makavu, na sauti ilikuwa ya mtu anayetoa amri bustanini.

"Tumesikia," alisema. "Lakini wa kule kwenye kona hawakusikia vizuri, na hao wa juu sijui masikio yao yakoje. Soma tena. Kwa nguvu."

"Tumesikia," alisema mke wa Malogo. "Soma tena."

Mtu alipindua ndoo tupu na kuisukuma kwa mguu mpaka ilipo miguu yangu. Nilipanda juu yake ili wa nyuma wanione, nikaisogelea taa nyekundu, nikaanza upya kutoka alama ya kwanza.